Klabu Yetu Ina Faida

Kwa aliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita, nakumbusha haraka. Mimi kazi yangu ni kujaza fomu za watu. Nina chumba kimoja kando ya barabara, mashine ya fotokopi, meza, viti viwili na kibao nje kinachosema FOMU ZINAJAZWA HAPA BILA KOSA. Watu huniita Mama Fomu.

Pia mimi ni katibu wa Vumbi, timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minne. Kocha ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi baiskeli wanayemwita Spoki. Golikipa ni binti yangu wa miaka kumi na mitatu. Wenzake wanamwita Kufuli.

Timu imetolewa kwenye ligi. Barua ilisema: "Ligi hii ni ya klabu za jamii. Klabu yenu ni klabu ya faida." Nafasi yetu ikaenda kwa Akademia, wale wenye uwanja wa nyasi, basi lao wenyewe na wazazi wanaolipa kila muhula.

Mtaa ukakata shauri kwamba Spoki ametuuza. Alionekana ndani ya gari la Mkurugenzi wa Akademia, amekaa mbele, amefunga mkanda. Huo mkanda ndio uliowaudhi watu kuliko gari lenyewe.

Wiki iliyopita nilivuta droo, nikaona nakala ya fomu yetu ya usajili, na ukurasa ukaisha. Nilichokisoma ni hiki.

Swali la saba: "Je, hii ni klabu ya faida?" Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Kwenye Ndiyo palikuwa na alama ya vema, imekaa katikati, haikugusa kingo. Chini yake, palipoandikwa "Ikiwa ndiyo, eleza", palikuwa na maelezo: "Ni ya faida kubwa sana kwa watoto, wazazi na mtaa kwa jumla."

Mwandiko mzuri. Wangu.

Sasa nichekeni, lakini niambieni kwanza: ukiulizwa kama klabu ya mwanao ni ya faida, utajibu haina faida? Niliandika nikiwa na kiburi. Nakumbuka hata lile neno "sana" nililiongeza baadaye, kwa kuwa palibaki nafasi.

Basi hakuna aliyetuuza. Nilitutoa kwenye ligi mimi, kwa kalamu ya bluu.

Nikiwa bado nimeshika ile nakala, dada yangu akaingia bila kubisha. Nikaiweka chini ya kiwiko.

"Mdogo wangu, una karatasi safi?"

"Ipo. Ya nini?"

"Niandikie tangazo. Chumba kinatafutwa. Mpangaji ni mwanamume, ana baiskeli kumi na moja, haya hana hata moja."

"Dada, wewe!"

"Godoro nimeshamtolea. Yuko karakana, analala na matairi."

"Pengine hakuuza timu."

"Alipanda gari la yule bwana la nini? Miguu anayo. Baiskeli nimekuhesabia."

"Mtu anaweza kupanda gari tu, dada."

"Na mkanda akafunga!"

Hapo ndipo ningeinua kiwiko. Ningesema, dada, soma hapa, ugomvi wenu uishe. Badala yake nikavuta karatasi safi nikamwandikia tangazo lake. Nililiandika bila kosa.

Aliposoma, machozi yakamlengalenga. "Umeandika vizuri," akasema. "Yaani mpaka namwonea huruma." Akalikunja, akalitia kwenye mkoba, akaenda kulibandika.

Nilifunga duka mchana, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaenda karakana.

Spoki alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu na kulitazama kama linapiga chenga. Godoro lilisimama ukutani nyuma yake, limefunikwa nailoni lisiingie grisi. Nilimnyooshea ile nakala. Hakuipokea.

"Hiyo nimeiona, shemeji."

"Umeiona wapi?"

"Ofisini kwa ligi. Siku ile ile barua ilipokuja nilikwenda kuuliza. Wakanifunulia faili."

"Wiki tatu zilizopita?"

"Wiki tatu, ndiyo."

"Na ukanyamaza? Watu wanakuita msaliti, mkeo amekufukuza, umenyamaza tu?"

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Ningesema nini? Kwamba Mama Fomu amekosea fomu? Wewe na Kufuli mnakula kwa kile kibao. Mimi, baiskeli hazisomi magazeti."

"Lakini nyumba yako, shemeji."

"Nimefukuzwa na mke. Mke hurudisha mtu. Wateja hawarudishi."

Nililia pale pale, nimesimama katikati ya minyororo na pedali. Spoki akanipa kitambaa, akakitazama, akakichukua tena kwa sababu kilikuwa cha grisi.

"Na gari?" nikauliza nilipoweza.

"Nilimwomba Mkurugenzi awachukue wasichana wote kumi na wanne bure mpaka msimu uishe. Akasema anamtaka golikipa tu. Nikamwambia anishushe."

"Akakushusha?"

"Palepale. Tulikuwa kwenye mataa, nikavuka na magari."

Niseme wazi: nilimpenda shemeji yangu siku hiyo kuliko ndugu wengi wa damu, na nilijiona mchafu. Nikamuuliza kama kuna njia. Akasema ipo. Kesho yake kamati ya ligi ilikuwa inakaa kusikiliza rufaa, na rufaa zingepokelewa mpaka asubuhi hiyo hiyo. Kosa la fomu husahihishwa iwapo aliyeijaza atasimama mwenyewe na kusema, kwa kinywa chake, kwamba alikosea.

"Ndiyo maana sikwenda kukata rufaa," akasema. "Ningelazimika kukutaja."

"Kesho nitasimama."

"Shemeji, fikiri. Kufuli atakula nini?"

"Kufuli hatoki chumbani tangu barua ije. Analala na glovu mikononi. Nitasimama."

Kuna jambo moja sikumwambia. Nilifikiri halitaulizwa.

Ofisi ya ligi iko ghorofani, juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi kichwa kinaanza kuuma kabla hujashtakiwa. Ndani mlikuwa na meza ndefu, wajumbe watatu, na mabenchi ya wazazi. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa lugha, mtu wa kusahihisha salamu yako kabla ya kuiitikia.

Dada yangu alikaa benchi la dirishani. Spoki alikaa upande wa pili, karibu na mlango. Mkurugenzi wa Akademia alikaa mbele, suti ya michezo mpya, zipu imepandishwa mpaka kidevuni. Wasichana waliambiwa wasubiri nje kwenye ngazi na mfuko wao wa mipira.

"Aliyejaza fomu ya Vumbi asimame," Mwenyekiti akasema.

Watu wote wakamgeukia Spoki. Nikasimama mimi.

Kule dirishani nikamsikia dada akisema "Ha!"

"Mwenyekiti, nilijaza mimi. Nilikosea. Spoki hana habari."

"Ulikosea nini?"

"Neno faida."

"Neno faida lina kosa gani?"

"Nilidhani mnauliza kama klabu inawafaa watoto."

Mjumbe wa kushoto, mwanamke muuza viatu, akasema, "Hata mimi ningedhani hivyo."

"Wewe ndiye uliyeipiga muhuri," Mwenyekiti akamwambia.

"Nilitazama alama ya vema. Maelezo hatusomi, huwa marefu."

Mwenyekiti akasoma maelezo yangu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "mtaa kwa jumla". Akavua miwani. "Haya ni maelezo ya klabu ya jamii. Tena yameandikwa vizuri. Swali ndilo lililoandikwa vibaya." Akamtazama mjumbe wa kulia. "Nani aliliandika swali?"

Mjumbe wa kulia akaanza kutafuta kalamu chini ya meza.

"Basi," Mwenyekiti akasema, "mama atasahihisha kwa mkono wake na kutia sahihi. Vumbi watarudishiwa nafasi yao."

Makofi yalipigwa. Dada yangu akanyanyuka kutoka dirishani, akapita mbele ya watu wote magoti yao yakimgonga, akaenda kukaa ubavuni kwa mumewe. Alimtoa unyuzi wa pamba begani, akauweka mfukoni mwake. Nilipomwona Spoki anainamisha kichwa ili asionekane anatabasamu, nikaamini mambo yamekwisha.

Mkurugenzi akasimama.

"Mwenyekiti, nafasi hiyo tumeshapewa sisi. Fomu yetu haina dosari. Swali la saba tumejibu Hapana."

"Nyinyi si klabu ya faida?"

"Mwaka huu tumepata hasara."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Kwa hiyo faida mnaitafuta, ila hamjaipata."

"Tunaitafuta kwa bidii, lakini bado."

"Basi nyinyi ni klabu ya faida iliyoshindwa. Bado ni ya faida. Andika," akamwambia mjumbe wa kulia, ambaye kalamu alikuwa ameshaipata. "Akademia wanatoka."

Makofi tena. Mimi mwenyewe nilipiga. Nilipiga mpaka nikamwona Mkurugenzi ananitazama, na hapo mikono nikaishusha.

"Sawa," akasema. "Kama tunatolewa kwa jibu hilo, muulizeni aliyelijaza. Mimi sikuijaza fomu. Nilijaziwa."

"Na nani?"

"Na huyo mama."

Mwenyekiti akaziweka fomu mbili ubavu kwa ubavu. Herufi zangu mnazijua, nyinyi mliowahi kuja dukani. Mkia wa "f" naupinda kushoto. Ulipinda kushoto kwenye fomu zote mbili.

"Mama, hii nayo ni yako?"

"Ni yangu. Mteja akija siwezi kumrudisha."

"Vumbi umewaandikia Ndiyo, Akademia umewaandikia Hapana. Umetoa mmoja ukaingiza mwingine."

"Kila mtu nilimwandikia alivyojibu."

"Si hivyo tu," Mkurugenzi akasema. Naye hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayesaidia polisi. "Kuna mihuri ya duka lake. Tazama tarehe."

Mwenyekiti akatazama. "Vumbi, Jumatatu. Akademia, Jumanne. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa."

"Ile Jumanne alipofika swali la saba aliniuliza, 'Mheshimiwa, hapa faida ni faida gani?' Nikamwambia, 'Mama, hapo wanauliza pesa. Kama kuna watu wanagawana pesa.' Akasema, 'Kumbe.'"

"Akasema nini?"

"Kumbe. Halafu akatazama nje. Kisha akaniwekea Hapana."

Mwenyekiti akamwamuru mjumbe aandike "Kumbe" kwenye kumbukumbu za kikao. Akamsubiri aandike. Akauliza tena kama ni kumbe ya kushangaa au ya kuelewa.

"Ya kuelewa," Mkurugenzi akasema.

Hili ndilo nililomficha Spoki, na nyinyi nimewaficha wiki zote hizi, kila wiki mkinipa pole. Ile Jumanne nilielewa. Mkurugenzi alipotoka tu, nilijua fomu yetu imekosewa. Nilikuwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa nzima. Ofisi ya ligi haifiki mwendo wa dakika kumi kutoka dukani kwangu.

Alhamisi nilikwenda mpaka mlangoni, chini pale kwenye duka la rangi. Nikawakuta wateja wangu watatu kwenye foleni, kila mmoja na fomu niliyomjazia. Mmoja akasema, "Mama Fomu, na wewe umekuja kurudisha fomu?" Nikamwambia nimekuja kununua rangi. Nikanunua kopo la kijani. Kopo liko mpaka leo, sijui nipake nini.

Nilijiambia hakuna asomaye swali la saba. Nilijiambia hivyo mpaka Ijumaa ikapita.

"Shemeji," Spoki akaniita kwa sauti ya chini kutoka kwenye benchi. "Jumanne ulijua?"

Dada yangu alikuwa amemshika mkono mumewe, wote wawili wananitazama, na kwa mara ya kwanza ndani ya wiki tatu walikuwa na uso mmoja.

Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni. Akaniambia polepole kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho, maana nadhani alinihurumia.

"Mama, sikiliza vizuri. Kuna kosa, na kuna kujua. Kama hukujua mpaka barua ilipokuja, hilo ni kosa, tumeshalisahihisha, watoto wanacheza Jumamosi. Kama ulijua kabla ya Ijumaa na ukaiacha fomu ilivyo, kifungu cha kumi na tisa kinaifungia klabu misimu miwili. Mkurugenzi ana neno lake, wewe una lako. Nitaandika utakalosema wewe."

"Neno langu tu?"

"Neno lako tu. Kumbe si ushahidi."

Misimu miwili. Ligi ni ya chini ya miaka kumi na minne. Kufuli anatimiza kumi na minne mwakani. Hesabu hiyo haihitaji mashine, na nilimwona Spoki akiifanya, vidole vikigusana juu ya goti.

Akainua uso, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayemfukuza nzi. Maana yake niliielewa. Hukujua, shemeji. Sema hukujua.

Mlango ukafunguliwa. Kufuli akachungulia, jezi ndani ya kaptula, glovu kwapani.

"Shikamooni."

"Marahaba," kamati nzima ikaitikia.

"Samahani, tunaomba kuuliza kama mmemaliza. Uwanja tumepewa mpaka saa kumi na moja tu."

"Tunamalizia," Mwenyekiti akasema. "Mama yako anajibu swali."

"Swali gani?"

"Kama alijua au hakujua."

Kufuli akanitazama. Hakuuliza kujua nini. Tangu azaliwe nimemjibu kila alichouliza, hata yale ya aibu, na sijawahi kumwona akinitilia shaka. Wiki tatu uso wake ulikuwa umefungwa, sasa ulikuwa wazi kabisa.

"Mama, si useme tu ukweli turudi kwenye ligi, twende? Wenzangu wameshavaa viatu."

Mjumbe wa kulia alikuwa ameweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Spoki alitikisa kichwa tena, safari hii bila kujificha. Dada yangu alikuwa anasogeza midomo, sijui akiomba au akinitukana.

Nilitaka kusema sikujua. Nawaambia kwa sababu mmefika nami mpaka hapa: nilikuwa nalo tayari mdomoni, na nilimtazama Mwenyekiti ili nisimtazame binti yangu. Haikusaidia. Alikuwa amesogea, amesimama mbele ya meza, ananingoja.

"Nilijua," nikasema.

Spoki akafunika uso kwa mikono.

Kufuli akageuka, akakimbia mpaka kwenye ngazi. "Mama amesema ukweli!" akapaza sauti. "Tumerudi! Vumbi, tumerudi!"

Wasichana kumi na watatu wakapiga ukelele, mipira ikamwagika kutoka mfukoni, nikaisikia inaporomoka ngazi moja moja mpaka chini kwenye duka la rangi. Wakaanza kuimba jina langu, si Mama Fomu, jina langu lenyewe, ambalo sikujua kama wanalijua.

Mwenyekiti alikuwa ameshaweka kidole kwenye kifungu cha kumi na tisa. Akasubiri makelele yaishe ndipo asome.